Nililipa karibu laki sita nifundishwe Kiingereza cha chuo: nilichopata na nisichopata

Baba yangu anauza vitenge Butembo, mashariki mwa Kongo. Tangu utotoni nimemwona akifanya jambo moja kabla ya kufungua pochi: anashika ncha ya kitambaa, anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, anailowesha kwa mate aone kama rangi inachuja, ndipo anauliza bei. Mimi nilipokuja Kampala kununua Kiingereza sikusugua wala sikulowesha. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nikahesabu noti mbele ya msichana wa mapokezi, nikapewa risiti yenye muhuri wa zambarau, nikashuka nikijiona nimeshakuwa mwanachuo.

Haya nayaandika kwa ajili ya wanaotoka Butembo, Beni, Bunia, Goma, Bujumbura, watakaopanda ngazi zile au zinazofanana nazo. Jina la kituo sitalitaja. Vituo vya namna hii ni vingi kuanzia Nsambya mpaka Kabalagala, na yule aliyeniuzia si mbaya kuliko wenzake.

Kilichoniharakisha ni barua ya chuo. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma afya ya jamii, ila kulikuwa na sharti: aliyesoma sekondari kwa lugha nyingine alete cheti cha Kiingereza. Mimi sekondari nimesoma kwa Kifaransa, bayolojia na kemia. Kiingereza kwetu kilikuwa somo tu kama jiografia, masaa machache kwa wiki, mwalimu anaandika ubaoni nasi tunanakili. Vitenzi vyake vikorofi nilivijua kama wimbo, go, went, gone, lakini siku yangu ya kwanza Kampala takisi ilinipitisha vituo viwili kwa sababu sikujua nimwambieje kondakta kwamba nashuka.

Sasa bei, maana najua ndiyo wengi mmeifuata. Miezi mitatu ni shilingi 450,000 za Uganda. Kitabu 25,000, fomu 10,000. Ukitaka kulipa mwezi mmoja mmoja ni 170,000, kwa hiyo anayelipa yote kwa pamoja anaokoa 60,000, na ni hiyo 60,000 iliyonimaliza. Masomo ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku. Kabla ya kuanza unafanya jaribio la maswali hamsini ya kuchagua jibu. Nikapata 38, nikapelekwa ngazi ya kati. Hakuna aliyenitaka niandike aya moja, hakuna aliyenisikilizisha kitu nikaulizwa nimesikia nini. Hapo ndipo baba angelowesha kitambaa.

Darasani tulikuwa ishirini na wawili: Wakongo, Warundi, Wasomali wawili, kijana wa Sudan Kusini na mama mmoja wa Eritrea aliyekuwa akisubiri safari ya Kanada. Wengine walitaka Kiingereza cha kuuza na kununua sokoni Kikuubo. Waliokuwa wakielekea chuo tulikuwa sita. Fundi gani atakata kitambaa kimoja ashone suruali ya mtoto, kanzu ya mzee na gauni la bibi harusi? Mwalimu wetu, kijana mpole mwenye subira, alijaribu. Alijua kumfanya mtu aongee. Baada ya wiki tano nilikuwa naweza kupatana bei, kumweleza muuza dawa kinachoniuma, kugombana na mwenye bodaboda nikashinda. Mdomo ulifunguka, na kwa hilo nampa maksi zake zote. Nasikitika kwamba wiki ya saba aliondoka, akaja mwingine, naye baada ya siku nane akaondoka, akaja wa tatu aliyeanza upya kutoka sura ya kwanza. Umeme ukikatika tulirudishwa nyumbani. Nilipouliza kama siku zilizopotea zitafidiwa, msichana wa mapokezi alinitazama kama niliyeuliza kama mvua italipa.

Kitabu ni fotokopi ya kitabu cha Uingereza, na picha zimepigwa mara nyingi mpaka watu wote wamekuwa weusi tititi, jambo ambalo mwanzoni lilinifariji. Kuna sura ya kukodi chumba hotelini, sura ya kuagiza kahawa, sura ya hali ya hewa. Nilijifunza maneno matatu ya theluji kabla sijajua neno la tope, na mvua ya Kampala haimsubiri mtu amalize sura. Siku za Jumatano mwalimu aliwasha spika, tukamsikiliza bwana mmoja na mkewe wakikimbilia treni. Sauti safi, kila neno limepigwa pasi. Tukaulizwa: treni inaondoka saa ngapi? Tukajibu. Tukajiona tunasikia Kiingereza.

Halafu kulikuwa na kopo.

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limetobolewa mfuniko, limewekwa mezani pa mwalimu. Ukisema neno la lugha nyingine yoyote, Kiswahili, Kifaransa, Kirundi, Kisomali, unatumbukiza shilingi 500. Hata ukimwuliza jirani kwa kunong'ona maana ya neno, 500. Hata ukipiga chafya ukasema "pole" kwa aliyeshtuka, 500. Mwezi wa kwanza peke yake nilitumbukiza 7,500, yaani makosa kumi na tano, na hayo ni yale tu yaliyosikika. Mwisho wa mwezi pesa ya kopo ilinunua soda za darasa zima. Nilikunywa Kiswahili changu mwenyewe, baridi, kwa mrija.

Sikulalamika wakati ule. Niliamini ndivyo lugha inavyoingia, kwamba lazima kwanza umwage ulichonacho. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikuwa limeridhia Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, na mwaka huohuo Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kopo halikupata habari.

Miezi mitatu ikaisha, nikapewa cheti chenye pambo la dhahabu pembeni. Chuo kikakipokea. Nikaanza.

Ratiba ya siku ya kwanza ilisema "Lecture", saa mbili hadi saa nne. Kwa Kifaransa "lecture" ni kusoma. Nikaona chuo hiki ni cha kistaarabu, kinawapa watu masaa mawili ya kujisomea asubuhi. Nikakaa chini ya mwembe na daftari langu, nikasoma. Saa nne nikawaona wenzangu wakitoka ukumbini kundi zima, wameshaandika kurasa sita. Mhadhara ulikuwa umenipita nikiwa hatua arobaini kutoka mlangoni.

Kesho yake niliingia. Nilikaa mwisho wa benchi, akaja msichana mmoja na mkoba wake, akasimama juu yangu, akasema, "Extend." Nilijua neno hilo. Ni la kuongeza muda, kurefusha. Nirefushe nini? Nikamtabasamia. Akarudia, safari hii kwa sauti ya mtu anayeongea na mlango. Kumbe hapa maana yake ni sogea. Haikuwa kwenye kitabu cha kozi ya laki nne na nusu.

Mhadhiri akaingia, na yule bwana wa treni nikamkumbuka kwa uchungu. Mhadhiri wetu alizungumza haraka, akigeukia ubao, akitania kwa Kiganda katikati, ukumbi ukicheka nami nikicheka baada ya wengine kumaliza. Kulikuwa na herufi pia. Kwa Kiganda, r na l zina zamu zao: r hukaa baada ya e na i, kwingineko ni l. Mtu aliyekua na mpangilio huo akisema Kiingereza haraka, "rate" inaweza kumtoka kama "late". Somo lilikuwa viwango vya vifo. Nikaandika ukurasa mzima kuhusu vifo vya kuchelewa, na nikaona jambo hilo lina mantiki kabisa, kwamba wagonjwa wanachelewa kufika hospitali. Na msidhani ninawacheka wenyeji, maana mimi nami nilikuwa nikisema "ze" kila palipo na "the", na wenzangu wa hosteli waliniita Ze kwa muhula mzima.

Aliyeniokoa ni kijana wa Arua. Tulikutana foleni ya chapati, nikamsikia akimwambia muuzaji "ongeza chumvi kidogo", kwa Kiswahili, na karibu nimkumbatie. Kule kwao kaskazini magharibi Kiswahili cha sokoni na cha kambini kipo siku zote. Kiswahili chake na changu havikufanana, yeye anashangaa nikisema "aksanti" nami nashangaa jinsi anavyovikata viambishi, lakini tulielewana kuliko nilivyoelewana na mtu yeyote kwenye mji huu. Siku nilipomlalamikia kwamba Kiingereza cha hapa si kile nilichonunua, aliniuliza nimesikia nini kilichonishinda. Nikamtajia: mtu ambaye hatujaonana wiki mbili ananiambia "You are lost". Sijapotea, niko palepale hosteli. Akacheka. "Wewe Butembo mnamwambiaje mtu ambaye hamjamwona siku nyingi?"

Umepotea! Nilibaki nimeshika chapati.

Tangu jioni ile nikaanza kukisikia Kiingereza cha Kampala kwa sikio jingine. "You first wait": subiri kwanza. "Well done" wanayomwambia mtu aliyeshika fagio wala hajamaliza kufagia: ni hongera ya kazi, Waganda wanasema gyebale. "I'm coming" anayoisema mtu huku anakupa mgongo anaondoka: nakuja. "Sorry" ukijikwaa jiwe, ingawa aliyesema si yeye aliyeliweka: pole. Wanasema fulani amekula pesa ya chama, na ameikula kwa Kiingereza, neno kwa neno. Maneno ni ya Mwingereza, lakini aliyeyapanga ni bibi yangu. Kule kituoni nilikuwa nikitozwa faini kwa kubeba ufunguo wa nyumba niliyokuwa nagonga mlango wake.

Huyo kijana wa Arua naye alikuwa na kopo lake, tena baya zaidi. Alisoma kijijini, na darasa la kwanza hadi la tatu walifundishwa kwa Kilugbara, kufuatana na mtaala ulioanza 2007; darasa la nne ndipo Kiingereza kinaanza kushika usukani. Kuanzia hapo aliyesikika akisema Kilugbara uwanjani alivishwa kipande cha ubao shingoni, akizunguka nacho mpaka amnase mwenzake. Anasema alijifunza kunyamaza kwa ufasaha mkubwa. Mpaka leo kwenye mijadala ya darasani, anajua jibu, anainamisha kichwa.

Chuo chenyewe kina somo la stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, kama vyuo vingi vya hapa. Tulikuwa zaidi ya mia mbili, maikrofoni inakoroma, tukafundishwa sehemu za barua ya kikazi. Nilifaulu. Twende mbele.

Ninalotaka kulisema kwa kirefu ni Jumamosi.

Kazi yangu ya kwanza ya chuo nilipata 9 kati ya 30. Swali lilianza na "Account for", kuhusu kuongezeka kwa malaria katika wilaya fulani. Kwa masikio yangu hiyo ni hesabu. Nikatengeneza majedwali mazuri, kwa rula, idadi ya wagonjwa mwezi kwa mwezi. Mhadhiri akaandika pembeni neno moja: kwa nini? Wiki hiyohiyo nilimwandikia ujumbe nikiomba siku tatu za nyongeza kwa kazi nyingine. Kwa Kifaransa kuomba ni "demander", kwa hiyo nikaandika kwa heshima zote, na salamu juu na shukrani chini, "I demand three days", kumbe kwa Kiingereza hapo nadai. Alinijibu kwa kuuliza kama nina jeshi.

Nikarudi kituoni kudai. Nilitaka kuwaambia kwamba kitambaa chao kimechuja. Mlango wa mapokezi ulikuwa umefungwa, lakini kwenye korido, karibu na tangi la maji, palikuwa na karatasi imebandikwa: Uandishi wa chuo, Jumamosi saa tatu asubuhi, 10,000 kwa kipindi. Miezi mitatu nilikuwa nikipita kando ya karatasi ile, na hakuna aliyewahi kunieleza, labda kwa sababu hela yake haikupitia mapokezi.

Ndani alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, na wanafunzi watano. Tulimwita Mzee tu. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na enzi za Amin alikimbilia Kenya kama walimu wengi wa Uganda, akafundisha huko miaka kadhaa, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Kopo lilikuwepo mezani. Alitoa noti ya 5,000, akaikunja, akaitumbukiza, akatuambia: "Haya wanangu, mna makosa kumi ya bure. Yakiisha nitaongeza."

Kipindi cha kwanza hakutufundisha sarufi. Alitutaka kila mmoja alete karatasi ya mtihani wa zamani wa somo lake, na tukakata maneno ya kuamrisha yanayoanza maswali, tukayapanga mezani kama karata. Akayafafanua kwa Kiswahili, moja baada ya jingine. "Account for" ni toa sababu, wala usiniletee hesabu. "Outline" ni mifupa bila nyama. "Discuss" si ubishi wa kijiweni: leta upande huu, leta na ule, kila upande na ushahidi, halafu useme wewe unasimama wapi. "Examine" ni fungua saa uone kilichomo ndani. Masaa mawili, maneno kumi na manne. Nikiwa nimekaa pale niliweza kuziona alama 21 zilizonipotea kwenye ile kazi ya malaria, moja moja.

Kipindi kingine kilikuwa cha masikio. Mzee alijifanya mhadhiri. Alitugeuzia mgongo, akasoma mhadhara juu ya maji taka kwa kasi ya kweli na kwa lafudhi ya kweli, akakohoa katikati, akatania kwa Kiganda. Akatukataza kuandika kwa dakika kumi. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu vidoleni ni mara ngapi amesema "however", yaani hata hivyo. Nikahesabu nne, walikuwa saba. Akasema mhadhiri akitoa neno hilo amekata kona, na ambaye hakusikia anaendelea kunyoosha peke yake hadi mtaroni. Halafu tukatafuta maneno mengine ya kona: yale yanayosema sababu inakuja, yanayosema mfano unakuja, yanayosema haya yatatoka kwenye mtihani ingawa sisemi. Nilipoanza kuyawinda hayo darasani, kurasa zangu sita zikawa mbili, na hizo mbili zilikuwa na maana.

Kisha akatupa ile orodha. Mtaalamu mmoja wa New Zealand, Averil Coxhead, alichambua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno kama milioni tatu na nusu, na mwaka 2000 akachapisha orodha ya familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na minyambuliko yake, yanayojirudia katika masomo ya kila aina, nje ya yale ya kawaida kabisa. Zinachukua karibu asilimia 10 ya maandishi ya namna hiyo. Mzee alitugawia fotokopi, akatuambia tuweke alama penye maneno tunayoyajua tayari. Mimi na Mrundi mmoja tukaanza kuweka alama, tukaweka, tukaweka, mpaka tukatazamana. Analyse. Concept. Structure. Hypothesis. Zaidi ya mia nne nilizijua kwa Kifaransa. Wenzetu wawili waliosoma hapahapa Uganda kwa Kiingereza tangu utotoni walikuwa na alama chache kuliko sisi.

Ndipo ikanijia jinsi nilivyofungwa macho. Kilichokuwa kikinishinda ni vineno vidogo: put off, carry out, come up with, bring about, vitenzi vifupi vilivyoshikana mikono na vihusishi, ukivitenganisha havina maana. Maneno marefu ya kitabuni, yale yanayowatisha wenyeji, nilikuwa nimezaliwa nayo shuleni. Kiswahili kilinifungulia Kiingereza cha barabarani, Kifaransa kikanifungulia cha kitabuni, na vyote viwili kituo kilikuwa kikinitoza 500. Mitego ipo, bila shaka. Mzee alitutengenezea jedwali la marafiki wa uongo, maneno ya Kiingereza yanayofanana na ya Kifaransa kwa sura lakini si kwa maana: "library" haiuzi vitabu, "actually" haihusu siku hizi, "attend" si kusubiri, na lile la kudai. Jedwali hilo liko ukutani hosteli kwangu, limeloa mafuta ya chapati, na wageni wote huanza kwa kulisoma.

Siku moja nikamwuliza Mzee kopo limetoka wapi. Nilidhani atasema ni mwenye kituo. Akanyoosha kidole dirishani, upande wa kaskazini, ambako Makerere iko ingawa kutoka pale haionekani. Akasema mwaka 1961 wataalamu wa kufundisha Kiingereza kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana kwenye kilima kile, na katika imani walizotoka nazo kulikuwa na hizi: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, na lugha nyingine zikitumika sana Kiingereza kitashuka. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson alizichambua imani hizo na kuziita upotofu. "Lakini wanangu," alisema Mzee, "alichambua vitabuni. Kopo hawakulipelekea nakala." Kwa hiyo yule bwana na mkewe wanaokimbilia treni, na ule ubao shingoni mwa rafiki yangu, na soda yangu ya baridi, vyote vilikuwa vimeshuka kilima kimoja, ambacho kutoka hosteli yangu nakifikia kwa bodaboda ya 3,000.

La mwisho alilonifundisha ni la kuandika, na lilikuwa gumu kwangu kuliko yote. Shuleni kwetu tulifunzwa kuandika insha kama anayepanda mlima: unaanza mbali, unazunguka, hoja, kinyume cha hoja, na kileleni ndipo msomaji anaambiwa ulikuwa unakwenda wapi. Barua za kwetu nazo ndivyo zilivyo, huwezi kumwomba mtu pesa kabla hujamwuliza hali ya watoto. Mzee alisoma aya yangu ya mistari tisa, akanyamaza, akaniambia: "Jifanye unapiga simu na salio limebaki la sekunde kumi. Sema." Nikasema kwa sentensi moja. "Hiyo iweke juu." Nilibishana naye. Nilimwambia hivyo ni kukosa adabu. Akasema kweli, kwa Kiswahili ni kukosa adabu, kwa Kifaransa ni kukosa mtindo, na kwa Kiingereza cha chuo ni kupata alama. Nikiandikia nyumbani nizunguke nitakavyo. Kazi iliyofuata nilipata 21 kati ya 30.

Hesabu basi. Ada, kitabu na fomu ni 485,000. Jumamosi nane ni 80,000. Faini, zile za mwezi wa kwanza tu, maana baadaye nilijifunza kunong'ona bila kusikika, ni 7,500. Jumla 572,500. Kozi ya jioni naipa nyota mbili na nusu kati ya tano: nyota mbili ni za mwalimu wa kwanza, nusu ni ya mama wa Eritrea aliyekuwa akitugawia mikate. Kitabu hakina nyota. Jumamosi zina tano, na ningeongeza kama ningeruhusiwa. Ningekuwa nanunua upya ningelipa mwezi mmoja tu wa jioni kufungua mdomo, kisha Jumamosi zote nane, jumla 250,000 bila kitabu wala fomu.

Tatizo ni cheti. Hawatoi cheti kwa aliyelipa mwezi mmoja, na wanajua kabisa kwamba cheti ndicho kilichokupandisha ngazi zile. Lakini mwaka wa pili, nikiwa ofisi ya usajili kwa shughuli nyingine, nilisikia karani akimweleza kijana wa Goma kwamba chuo kina jaribio lake la Kiingereza, linafanywa palepale, na ukifaulu hudaiwi cheti cha nje. Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu zamani. Kwa hiyo kabla ya kulipa popote nenda chuoni kwako, dirisha la usajili, uliza. Sikuuliza kwa sababu siku ile sikujua namna ya kuuliza.

Kituoni, ukifika, kuna mambo mawili ya kusugua. Uliza kama jaribio la kuingia lina sehemu ya kuandika na ya kusikiliza. Na omba kukaa darasani siku moja bila kulipa. Wakikataa, utakuwa umeshajua.

Binamu yangu anafika Jumapili na basi la usiku kutokea Mpondwe. Amepata nafasi ya uhasibu. Baba ameshanipigia mara mbili kuuliza amtumie pesa ya miezi mingapi, nami nimemwambia amtumie ya mwezi mmoja, na ampakilie kamusi yake ya Kifaransa, ile nene. Jumamosi nilipita kumwambia Mzee kwamba namletea mwanafunzi. Alikuwa ameinamisha kopo anatoa vipande vya chaki.